Uzoefu Wangu: Kufufua Volkswagen Beetle 1300 ya Mwaka 1966 Nyumbani Mtwara

Tathmini hii inahusu gari lenyewe pamoja na vifaa na huduma nilizotumia kulifufua: mabati ya sakafu yaliyoagizwa nje, dawa ya kutu, mfumo wa umeme wa volti 12, kiwashio cha kielektroniki na kazi za mafundi wa hapa kwetu. Kazi yote ilifanyika uani kwangu Shangani, mahali ambapo upepo wa bahari unaingia hadi jikoni, na ukaribu huo wa bahari ndio ulioamua karibu kila hatua niliyoichukua. Msomaji wa Dodoma au Iringa anaweza kuona kwamba hofu yangu ya kutu imezidi kipimo, lakini msomaji wa Lindi, Kilwa au Mikindani atanielewa bila maelezo mengi.

Beetle 1300 ilianza kutoka kiwandani Agosti 1965 kama toleo la mwaka 1966, ikiwa na injini ya sentimita za ujazo 1,285 yenye nguvu ya farasi 40, iliyowekwa nyuma na kupozwa kwa hewa. Haina rejeta, haina pampu ya maji, na injini nzima imeshikwa na bolti nne tu kwenye giaboksi, kiasi kwamba watu wawili wenye jeki nzuri wanaweza kuishusha chini kabla ya adhuhuri. Nililichagua kwa sababu hiyo, na pia kwa sababu ya vipuri. Gari hili liliendelea kutengenezwa Brazil hadi 1996 na Mexico hadi tarehe 30 Julai 2003, jumla ya magari 21,529,464, na Afrika Kusini lilitengenezwa Uitenhage hadi 1979 likiwa na usukani wa kulia kama wetu. Hivyo vipuri vipya bado vinapatikana, na hata vile vya usukani wa kulia, ambavyo ndivyo vigumu zaidi, havihitaji kutafutwa mbali sana. Mini ya Uingereza naiheshimu sana kama ubunifu, lakini giaboksi yake imo ndani ya sampu, yaani beseni la oili la injini, na magurudumu yake ya inchi 10 yangeteseka katika barabara za vijijini kwetu. Beetle ina rimu za inchi 15 na tumbo bapa lisilo na kitu kinachoning'inia, na si ajabu kwamba ilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1954, 1957 na 1962.

Kabla ya kulipa, nyanyua siti ya nyuma. Namba ya chesisi imegongwa kwenye mgongo wa katikati chini ya siti hiyo, na namba ya injini iko kwenye bloku chini ya kiti cha dainamo. Zote mbili zilingane na kadi ya gari. Ukiwa hapo hapo, tazama mahali betri inapokaa, upande wa kulia. Asidi iliyomwagika kwa miaka mingi huila sakafu hapo kuliko mahali pengine popote, na ukiona tundu usihesabu kuwa ni kasoro ndogo ya kuziba kwa kiraka, kwa sababu ni dalili ya hali ya sakafu yote.

Sasa niseme juu ya chuma, maana hapo ndipo nusu ya fedha yangu ilipokwenda na sijutii hata shilingi moja. Bodi ya Beetle imefungwa juu ya sakafu kwa bolti zinazozunguka pembeni. Chini ya milango, kila upande, kuna mhimili wenye uwazi ndani, ambao kiwandani ulikusudiwa kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini ili kuwapasha joto abiria wa nchi za baridi. Kwetu joto hilo halina kazi, lakini mhimili wenyewe ndio uti wa mgongo wa bodi. Hewa yenye chumvi huingia ndani yake, ikatulia, ikanywa unyevu wa masika, na chuma kikaoza kuanzia ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Ndiyo maana nawasihi wenye magari haya wasikubali fundi anayetaka kuanza na rangi. Mimi nilichukua bisibisi nikagonga mhimili wote taratibu, na kila iliposikika sauti nzito isiyo na mlio, pakatobolewa pakaonekana.

Mabati mapya ya sakafu niliyoagiza yalitoka Brazil, na nayapa sifa ya wastani. Unene wake ni mzuri na mikunjo ya kuipa sakafu nguvu imefuata ile ya kiwandani, lakini matundu ya bolti za pembeni hayakulingana na yale ya bodi, na reli za siti zilihitaji kusogezwa kidogo. Anayeagiza asichomelee kitu chochote kabla ya kuirudisha bodi juu yake na kujaribu milango. Mihimili ya pembeni nilipata iliyokamilika, na hiyo ni bora kabisa; tofauti ya bei kati ya mhimili kamili na vipande vya kuunga ni ndogo ukilinganisha na kazi inayookolewa.

Fundi wa kuchomelea tuliyefanya naye kazi anatengeneza mageti na madirisha, na baadhi ya jamaa zangu walikuwa na wasiwasi naye. Nimeridhika naye sana. Alikubali kuacha mashine ya vijiti aliyoizoea na kutumia ya waya na gesi, kwa kuwa bati la gari ni jembamba na vijiti hulitoboa, na alikubali kuchomelea nukta moja moja akiruka huku na huku ili bati lisipinde kwa joto. Kabla ya kukata mhimili wowote tulichomelea vyuma vya muda kuvuka nafasi za milango, kwa sababu bodi isiyo na mhimili hulegea na milango haifungi tena milele. Baada ya hapo vijana wa mtaani waliinyanyua bodi kwa mianzi iliyopitishwa madirishani, wakaiweka juu ya matofali chini ya mwembe.

Dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi ni bidhaa ambayo watu huisifu na kuilaumu bila kuangalia wameitumiaje. Inafanya kazi, lakini kwa kutu nyembamba iliyong'ang'ania tu. Ile inayobanduka kama magamba lazima iondolewe kwa brashi ya waya na msasa. Zaidi ya hayo, kwa sisi wa pwani, chuma lazima kioshwe kwa maji mengi yasiyo na chumvi na kukaushwa kabisa kabla ya dawa, kwa sababu chumvi iliyojificha ndani ya vijitundu haiondolewi na asidi hiyo, nayo huanza tena kazi yake chini ya rangi. Baada ya dawa nilipaka praima ya epoksi, kisha puti juu ya praima. Wengi hupaka puti moja kwa moja kwenye chuma kitupu, na puti hunyonya maji. Gari linakuwa zuri hadi masika ya kwanza. Ndani ya mihimili nilimimina nta ya moto iliyolainishwa kwa mafuta, nikaacha matundu ya chini wazi ili maji yatoke.

Rangi haikunichukulia muda mrefu. Nilibakiza rangi ya maziwa iliyoandikwa kwenye kadi, nikaepuka shughuli ya kubadili taarifa za gari. Tulisubiri mvua ziishe, na tulipaka asubuhi umande ulipokwisha kukauka na kabla kusi haijachachamaa na kuleta vumbi. Jambo moja lisipuuzwe: rangi zinazochanganywa na kikaushi zina kemikali za aisosayanati ambazo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kama huna kifaa cha kupumulia kinacholeta hewa safi kwa mpira, chagua rangi ya aina nyingine au mpelekee gari mwenye chumba maalumu cha kupaka rangi.

Umeme wa volti 6 niliuondoa, na hili nalipendekeza kwa kila mwenye gari la kabla ya Agosti 1967. Taa za volti 6 ni hafifu mno kwa barabara ambayo usiku ina baiskeli na waenda kwa miguu wasio na taa. Nilibadilisha betri, dainamo na kidhibiti chake, koili, balbu zote na mota ya waipa. Starta ya zamani niliiacha, kwa kuwa huvumilia volti 12 kwa sekunde chache za kuwasha, nayo huzungusha injini kwa nguvu zaidi kuliko awali. Betri hiyo mpya ichaguliwe fupi na ifunikwe, maana springi za siti ya nyuma zikigusa nguzo zake abiria wanaweza kuwaka moto wakiwa wameketi.

Kiwashio cha kielektroniki, kile kidude kinachoingia ndani ya distributa badala ya platini za kukata umeme wa cheche, kimenifurahisha. Injini inawaka kwa mguso mmoja na hakuna tena kusugua platini kwa msasa. Hata hivyo platini na kondensa zangu za zamani ziko kwenye boksi la spana, kwa sababu kidude hicho kikifa kati ya Mingoyo na Mtama hakuna duka litakalokuwa nacho, ilhali platini hubadilishwa kando ya barabara.

Katika upozaji, niseme kwa mkazo. Feni ya Beetle husukuma hewa kwenye mapezi ya silinda, na mabati yanayoizunguka injini pamoja na raba iliyo pembeni mwake huzuia hewa ya moto ya chini isirudi kuvutwa na feni. Wapo wanaoyatoa mabati hayo ili injini ionekane vizuri, na wapo wanaoacha boneti ya nyuma imeegemezwa kijiti wakidhani wanaisaidia. Wanaiua injini. Mimi nilirudisha kila bati na kununua raba mpya, kitu cha bei ndogo chenye manufaa makubwa kuliko vyote nilivyoagiza. Badiliko nililoongeza ni kasha la feni la mtindo wa kuanzia toleo la 1971, ambalo kipozeo chake cha oili kina njia yake ya hewa. Katika mtindo wa zamani kipozeo husimama mbele ya silinda ya tatu na kuinyima hewa, na silinda hiyo ndiyo huungua kwanza. Kasha hilo lilikuwa la mtumba, likafungwa kwa kipande cha kuunganishia, na gari limepanda uwanda wa Makonde likiwa na watu wanne mchana wa jua kali bila kulegea.

Mipira yote ya petroli nilibadilisha na kuifunga kwa klipu, na filta nikaihamisha kutoka juu ya injini kwenda chini karibu na tangi. Beetle nyingi zimeteketea kwa mpira uliochakaa kudondosha petroli juu ya injini ya moto.

Breki nilibakiza za ngoma pande zote. Gari lina uzito wa takriban kilo 800, na ngoma zilizorekebishwa sawasawa zinalitosha. Kila gurudumu lina virekebishaji viwili vya meno vinavyozungushwa kwa bisibisi kupitia tundu, na fundi asiyejua hilo hurekebisha kimoja. Nilichobadilisha ni masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, kutoka ile ya njia moja kwenda ya njia mbili, ili mpira mmoja ukipasuka magurudumu mawili yabaki na breki. Nilipokuwa nikifunga lainingi mpya nilifurahi kukumbuka kwamba mafuta ya maganda ya korosho hutumika viwandani kutengeneza vifaa vya msuguano kama hivi. Korosho za kwetu huenda mbali kuliko tunavyodhani.

Siti zilinipa raha kuliko kazi nyingine yoyote. Mito ya siti za zamani za Beetle ilitengenezwa kwa nyuzi zilizoshikamanishwa kwa mpira, na badala ya kujaza sponji, ambayo kwa joto letu huvunjika na kunata, nilimpelekea fundi wa makochi usumba safi. Aliufuma kwa tabaka, akaushona juu ya gunia na springi, akamalizia kwa turubai nene. Siti inapumua, mgongo haulowi jasho, na gharama yake haikufika hata robo ya mito ya kuagiza. Hii nasema bila kusita ni huduma bora niliyoipata katika kazi nzima.

Tairi za 165/80 za inchi 15 ndizo usumbufu uliobaki. Madukani kwetu sikuzikuta, niliagiza Dar es Salaam, na ni busara kununua tano kwa pamoja. 

Kwa matumizi ya kawaida, gari linakwenda Lindi na kurudi bila wasiwasi kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Halina filta ya oili, lina chujio la waya tu, kwa hiyo lita 2.5 za oili hubadilishwa kila kilomita 5,000 na valvu hupimwa wakati huo huo, injini ikiwa baridi kabisa, kwa nafasi ya milimita 0.15. Uvungu naoshea maji ya bomba kila ninaporudi kutoka njia za ufukweni, na kabla ya mvua kuanza nafungua vizibo vya mihimili nikaongeza nta. Anayetaka gari la kuwasha na kusahau atafute Toyota ya kisasa. Mwenye ua, fundi mwaminifu wa kuchomelea na moyo wa kuanza na sakafu kabla ya rangi, namshauri alinunue, mradi awe amenyanyua kwanza ile siti ya nyuma.