Dereva mstaafu wa lori ndani ya bagi: Kaole mpaka Mlingotini

Mguu wangu wa kushoto ulihangaika kutafuta klachi, haukuiona. Nimeketi ndani ya bagi, kile kigari cha wazi kilichozungushiwa mabomba ya chuma kama kizimba cha kuku. Kichwani nina kofia ngumu (bodaboda wanaiita elementi), usoni miwani ya vumbi, na pembeni binti yangu anacheka mpaka anakohoa. Nimeendesha lori miaka 26, njia ya Tunduma na njia ya Kigoma, mpaka mgongo uliponiambia basi. Asubuhi ile Bagamoyo nikarudi kuwa mwanafunzi.

Safari ilikuwa zawadi. Binti alipata likizo wiki ya Nane Nane akaniambia, "Baba, mwaka huu hukai barazani kuhesabu magari ya watu." Nikadhani ananipeleka kutembea mji wa kale: Boma la Wajerumani, Ngome Kongwe, na ule mnara wa misheni ulipolazwa mwili wa Livingstone mwaka 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja. Hayo nimeyaona tangu shule. Kumbe mwenzangu ameshatuma pesa ya bagi kwa simu.

Bei ilikuwa shilingi 180,000 kwa bagi moja la watu wawili, kwa saa tatu. Jina la kampuni sitalitaja. Nina ya kusifu na ya kulalamikia, na wale ni vijana wanaotafuta riziki.

Naanza na lililoniudhi. Tuliambiwa tufike saa tatu kasoro ili safari ianze saa tatu, tukaondoka Tegeta alfajiri kukwepa foleni ya Bunju, na saa mbili na nusu tulikuwa getini. Injini ziliwashwa saa nne kasorobo, maana kulikuwa na kundi la wageni lililolala hotelini likachelewa kunywa chai. Mtu wa bara ataona dakika 45 si kitu. Lakini mwezi ulikuwa umepevuka juzi yake na bahari ilikuwa kwenye bamvua, yaani zile siku maji yanapopwa mbali kabisa na kujaa kupita kiasi, kinyume cha maji mafu. Pwani yetu hii, bamvua likiingia maji hukauka mnamo saa nne asubuhi, na saa kumi jioni yameshafika kwenye mizizi ya mikoko. Ukichelewa kuanza, unakuta bahari imeshageuka. Ofisi ya watu wanaouza safari za pwani nilitegemea walijue hilo kuliko mimi mtu wa lami.

La pili, karatasi. Kabla hujagusa usukani unatakiwa kuweka sahihi, na karatasi yote ni Kiingereza, herufi ndogo kama za kwenye dawa ya kikohozi. Nikamwomba kijana wa mapokezi anisomee kwa Kiswahili. "Mzee wangu, ni kawaida tu, unasaini hapa." Kawaida ya nani? Nilipokuwa lorini sikuwahi kusaini mzigo nisioujua, hata ukiwa magunia ya mahindi. Binti akaisoma: ukiumia ni juu yako, ukiharibu gari unalipa. Mambo mawili hayo yangeandikwa kwa Kiswahili kwenye ukurasa wa daftari na nafasi ikabaki.

La tatu ndilo kubwa. Mkanda wa bagi si kama wa gari dogo. Unapita mabegani pande zote mbili, unapita na kiunoni, halafu vyote vinakutana kwenye kifungio kimoja tumboni. Mimi nikifunga mkanda huuvuta kwa nguvu, mazoea ya kazi. Nilipouvuta wa binti yangu, ukafunguka. Fundi akasema, "Huo ukiupiga mara mbili unashika." Nikamwambia mimi na yeye tubadilishane, yeye apande na binti yake. Akanyamaza, akaleta bagi jingine.

Sikuwa nafanya ujeuri. Kigari hiki hakina mlango wa chuma, pembeni kuna wavu wa kamba tu. Ni chepesi na kimeinuka, kona kali ikikutana na mchanga kinaweza kulala ubavu. Kikilala, zile nondo zinamlinda aliyefungwa ndani yake. Ambaye hakufungwa anarushwa nje, au anatoa mkono kujizuia na mkono unabaki chini ya bomba. Kwa hiyo kifungio kibovu ni sawa na lori lisilo na breki, halitoki yadi. Kwa nini lile bagi lilikuwa limepangwa kwenye mstari wa kutoka, mpaka leo sijapata jibu.

Basi, nilikuwa nimeshakunja uso, nataka hela zirudi, ndipo akaja kiongozi wetu. Kijana wa Kaole, kijiji chenye magofu ya kale jirani na mji wa Bagamoyo, rika la mwanangu wa tatu.

"Shikamoo mzee. Nimesikia wewe ni dereva."

"Marahaba. Nilikuwa."

"Basi leo yasahau yote."

Nikampenda hapo hapo. Alitufundisha kwa robo saa, kwa Kiswahili kilichonyooka, na kwa wale wageni akarudia kwa Kiingereza bila kuruka kitu. Hakuna klachi, kuna mafuta na breki tu, na gia moja ya mkononi: ya juu, ya chini, nyutro na rivasi. Nguvu ya injini inapita kwenye beliti ya mpira. Ukiwa kwenye mchanga mzito au unapanda, weka gia ya chini, la sivyo beliti inateleza, inapata moto, unasikia harufu ya mpira ulioungua na safari yako imeishia hapo. Ukiachia mafuta injini yenyewe inakushika, usikimbilie breki. Kitufe cha kutumia magurudumu yote manne kibonyezwe kabla ya tope, si baada ya kukwama. Na vidole gumba visizame ndani ya usukani, vikae juu yake, kwa sababu tairi likigonga kisiki usukani unageuka ghafla na kuvunja kidole. Hilo la mwisho nililijua tangu enzi za malori yasiyo na usukani wa mafuta, na ni mara ya kwanza kumsikia kijana akilisema.

Akamwona binti yangu ana mtandio unaopepea. Hakumwambia auvue. Alisema, "Dada, uchomeke wote ndani ya shati, ncha isibaki nje." Kitambaa kirefu na gurudumu linalozunguka ni maadui.

Tukaondoka bagi tano, yeye mbele, fundi nyuma. Njia ya kwanza ni ya mashamba, minazi na mikorosho, mchanga mweupe mkavu. Agosti ni kusi, upepo wa kusini-mashariki unaotoka baharini, na sisi tulikuwa tunaelekea kusini bahari ikiwa kushoto, kwa hiyo upepo uliyasukuma mavumbi kwenda mashambani badala ya kutupiga usoni. Penye miti mingi upepo haufiki, na hapo ndipo utajua miwani yao imechubuka mpaka unaona minazi miwili panapo mmoja. Njoo na yako. Njoo na leso ya mdomo pia.

Shokapu za bagi ni kitu kingine kabisa. Mashimo ambayo kwenye lori yangenitoa machozi, hapa gurudumu linazama na kupanda lenyewe, mwili umetulia. Mgongo wangu ulikuja na wasiwasi ukarudi salama. Hata hivyo mjamzito asiende, na mtoto mdogo asiende, maana ile mikanda haimkai.

Kwenye kila kijiji kiongozi aliinua kiganja, nasi tukapunguza mpaka mwendo wa mtu anayetembea. Anasalimia nyumba kwa nyumba, shikamoo hapa, habari za asubuhi pale. Bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa akasema kwa sauti, "Leo mmekuja kistaarabu." Nikaelewa kwamba zipo siku hawaji kistaarabu.

Kaole tulizima injini mbali, tukaingia kwa miguu. Kwenye simu tuliambiwa kila kitu kimo ndani ya bei, lakini kiingilio cha magofu tulilipa wenyewe. Sikulalamika sana, ile ni haki ya mahali penyewe. Kuna gofu la msikiti wa karne ya 13, makaburi ya mawe ya matumbawe, kisima chenye maji matamu hatua chache kutoka maji ya chumvi, na mbuyu mkubwa wa mamia ya miaka. Mimi nilibaki nimesimama nyuma ya magofu, upande wa bahari, kwa sababu bahari haionekani. Unaona mikoko tu. Kiongozi akasema zamani vyombo vilitia nanga karibu kabisa na hapa, kisha tope na mikoko vikaziba bandari, na biashara ikahamia Bagamoyo. Nikawafikiria wale wapagazi waliotembea kutoka Ujiji, zaidi ya kilomita 1,200, pembe za ndovu begani. Njia ya Kigoma naijua. Nilikuwa naipiga nikiwa nimekaa, na bado nilikuwa nalalamika.

Tope lililoua bandari ndilo lililonipata mbele ya safari.

Tulipopita upande wa Mbegani tukatokea kwenye uwanda wa chumvi nyuma ya mikoko, tambarare kama uwanja wa mpira, juu umefanya gamba jeupe. Maelekezo yalikuwa mepesi: fuata alama za tairi langu. Mimi nikaona mstari wake unazunguka bure wakati katikati pamenyooka na pamekauka. Miaka 26 ya kusoma barabara! Nikakata katikati. Mita ishirini hivi, gamba likapasuka, chini tope jeusi linanuka yai bovu. Nikafanya kosa la pili, nikakanyaga mafuta. Tairi zikachimba, bagi likakaa kitako.

"Baba," binti akaniambia taratibu, "si alisema fuata alama?"

Kiongozi hakucheka. Alisema tu, "Mzee, ondoa mguu." Akarudi kwa njia ile ile aliyopitia, akasimamisha lake pagumu, akavuta waya wa winchi. Kabla ya kuukaza akatandika gunia lililolowa juu ya waya, katikati. Wageni walishangaa, mimi nilinyamaza kwa heshima. Waya ukikatika ukiwa umekazwa unaruka kama mjeledi na unaweza kumkata mtu. Gunia linaula ule mruko. Nimewaona watu wazima, wenye malori yao, wasiojua kitu hicho. Dakika kumi tukatoka. Akanionyesha chini: penye matundu mengi ya kaa, maji yako karibu, usipite.

Ofisi yao nisingeipa zaidi ya nne kwa kumi. Huyu kijana ningempa kumi, na ningemwongezea mshahara kama ningekuwa na uwezo.

Mlingotini tulifika bahari imeshaanza kurudi. Akina mama wa mwani walikuwa wanatoka majini na magunia vichwani, kanga zimelowa mpaka kiunoni. Wao kazi yao ni bamvua; wakati wa maji mafu mashamba hayakauki vya kutosha. Bagi zote tuliziacha juu, chini ya minazi. Mgeni mmoja alitaka kushuka nalo mchangani apige picha, kiongozi akakataa kabisa. Ufukwe ule una vigingi na kamba za mwani wa watu. Yule mgeni alinuna, lakini nadhani alielewa alipomwona mama mmoja akipita na mzigo wake kando ya lile bagi bila hata kuliangalia. Binti akanunua sabuni ya mwani miche mitatu. Tulikaa dakika ishirini tu. Zile 45 za asubuhi ndizo zilizoliwa hapa.

Kurudi aliendesha binti. Nawaambia ukweli, kuendesha hakukunitoa jasho kama kukaa abiria. Ana mwendo huyu mtoto. Nilishika lile bomba la mbele, mguu wangu wa kulia unakanyaga breki isiyokuwepo, na yeye anaimba. Mara mbili nilifungua mdomo nimkemee, mara mbili nikameza vumbi. Kwenye uwanda wa chumvi alifuata alama za tairi kama anashona cherehani.

Mwisho wakatuonyesha picha walizotupiga njiani, shilingi 30,000. Hatukuziagiza, tulichukua. Kuna moja nimekwama, nimeshika usukani kwa mikono miwili natazama mbele kama vile bado naendesha. Mama yake binti ameiweka kwenye simu.

Tulikula mjini, soko la samaki, changu wa kukaanga na ndimu, tukalala gari likiwa na mchanga kila kona.

Jumanne niliwapigia kuhusu kile kifungio. Aliyepokea akasema kimebadilishwa siku ile ile. Binti anataka kurudi Desemba na wenzake wa kazini. Nimempa masharti mawili: aombe kiongozi yule yule, na akishakaa avute mkanda kwa nguvu zake zote mbele ya fundi.