TAHADHARI: Fundi wa vyumba vya darini anayekata boriti na kufunika kwa jipsamu

Wakuu, nilikuwa nimeamua kunyamaza kwa aibu. Ila juzi nimesikia kuna mwingine kalizwa vilevile, tena kwa utani uleule: "Bosi, wewe nunua shuka tu, mengine niachie." Nikajua ni yeye. Jina sitaji, maana alilompa mwenzangu si alilonipa mimi.

Nyumba yangu ni ya kurithi, ya zamani, na darini mlikuwa makazi ya popo na masanduku ya marehemu babu. Nikataka pawe chumba cha kulala cha binti yangu. Jamaa akaja, mpole, penseli sikioni, simu imejaa picha za vyumba vya kupendeza vya chini ya paa. Sikumwomba anipeleke hata kwenye kimoja nikakione kwa macho. Baadaye mpwa wangu alizitafuta picha zile mtandaoni, mojawapo ikatokea kwenye tangazo la madirisha.

Nikampa asilimia 60 kama advansi. Siku ya pili akaniita juu, sura ya msiba: mbao zimeliwa na wadudu, tukichelewa paa linashuka. Akanimwagia unga wa mbao kiganjani. Nikatoa tena pesa ya dawa na mbao mpya, papo hapo. Sasa ndiyo najua kwamba tundu ambalo bado lina mdudu huwa na kingo safi na unga mweupe, na la zamani huwa limefifia na kujaa vumbi. Ukitandika karatasi nyeusi chini ya mbao ukaiacha wiki kadhaa, utaona kama unga mpya unadondoka. Matundu yangu yalikuwa ya miaka mingi. Na hizo "mbao mpya" zilikuwa zilezile za babu, zimepakwa oili chafu.

Huo tuuite wizi wa kawaida. Kilichonikosesha usingizi ni boriti za mlalo.

Kwenye kenchi, miteremko miwili ya paa muda wote inataka kutanuka kwa nje, kama miguu ya ngazi ya kukunjua isiyo na kamba katikati. Boriti ya mlalo ndiyo kamba yenyewe. Huyu bwana alizikata tatu ili mtu mrefu apite bila kuinama! Nilikuwa msibani siku mbili. Niliporudi nikakuta jipsamu imeshafungwa, karatasi ya maua imebandikwa na taa zinawaka. Familia nzima tukapanda kupiga picha. Nikamalizia deni lote nikiwa natabasamu.

Mvua za kwanza, karatasi ikafura mapovu na chumba kikanuka ukungu. Halafu mlango wa chumba cha chini ukaanza kugoma kufunga. Nikaita mhandisi, tukafungua jipsamu kipande. Sufi ya kuzuia joto, niliyolipia mifuko 12, ilikuwepo karibu na mlango tu, tena imeshindiliwa hadi kwenye vigae bila upenyo wa hewa, kwa hiyo unyevu haukuwa na pa kutokea. Mbele zaidi kumejazwa maboksi matupu. Sakafu nayo kapigilia mbao juu ya vijiti vilivyokuwa vikibeba dari peke yake, wakati chumba cha kulala, kwa maelezo ya mhandisi, hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Binti alikuwa ameshalala humo mwezi mzima, na kitanda cha mninga.

Nikikumbuka, dalili zilikuwepo. Nilipotaja mhandisi alicheka: "Hao wanakula hela yako tu." Risiti aliziandika mwenyewe, mwandiko mmoja wa maduka matatu. Na kila nikitaka kupanda darini, ngazi "imeazimwa". Kama fundi wako anataka kufunga jipsamu siku usiyokuwepo, msimamishe. Kwanza piga picha kila boriti na kila nyaya, na mtu mwingine anayejua kazi apande aangalie.

Sasa paa langu limeegemea nguzo za muda, binti amerudi kulala sebuleni. Picha za boriti zilizokatwa ninazo, na zile risiti pia. Aliyewahi kuambiwa anunue shuka tu, anitafute tufungue kesi pamoja.