Nimerudi kwenye mchezo nilioukimbia: uzoefu wangu baada ya miaka mitatu

Usiku mchezo huu wa kompyuta wa mtandaoni ulipofunguliwa rasmi, nilipanga foleni mara mbili. Foleni ya kwanza ilikuwa ya kuingia kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayouendesha mchezo, ambako nilipewa nambari 6,214 na kuitazama ikipungua kwa muda wa karibu saa tatu. Foleni ya pili ilikuwa ndani ya mchezo wenyewe, na sikuitarajia hata kidogo. Kijiji cha kwanza kina kisima, na kazi ya kwanza anayopewa kila mchezaji ni kuuopoa ufunguo uliotumbukia humo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu. Akiuchukua mtu unatoweka, kisha unajitokeza tena baada ya dakika mbili hivi. Mamia ya wapiganaji, wachawi na waganga tulikizingira kisima kile tukibonyeza kwa pamoja, hadi mchezaji mmoja asiyefahamika na yeyote alipoandika kwamba tupange mstari. Tukaupanga. Ulianzia kisimani, ukalipita ghala, ukavuka daraja, na mkia wake ukaishia porini mahali ambapo mbwamwitu walikuwa wakiwang'ata waliosimama nyuma. Hilo ndilo jambo jema pekee ninalolikumbuka katika wiki ile ya kwanza, na lilifanywa na wachezaji wenyewe.

Sitautaja mchezo kwa jina. Makosa nitakayoyasimulia yamekwisha kurekebishwa kwa sehemu kubwa, na sioni haki ya kuwabandika watu leo kosa walilokwisha kulilipa kwa miaka mitatu ya kazi. Ninachotaka ni kumweleza msomaji ambaye naye aliukimbia mchezo wa aina hii, mchezo wa kuigiza wahusika wa njozi mtandaoni, ni mambo gani ya kuangalia kabla ya kuamua kurudi au kutorudi.

Kilichoniondoa si foleni. Foleni ya siku za mwanzo huvumilika, kwa sababu kila mtu anajua kwamba watu watapungua. Niliondoka kwa ajili ya ngao. Nilikuwa nimekusanya madini na magamba ya joka kwa siku kadhaa, nikakaa kwenye kiwanda cha uhunzi jioni nzima, nikaifua ngao ambayo kikosi chetu kiliihitaji ili kumkabili bosi, yaani adui mkuu, wa pango la tatu. Usiku huo seva ilianguka. Asubuhi niliporudi, mhusika wangu alikuwa amerudishwa nyuma kwa takriban saa tisa: ngao haipo, na magamba nayo hayapo, kwa kuwa kumbukumbu za mfuko wangu na zile za ghala zilikuwa zimehifadhiwa kwa nyakati tofauti. Nikawaandikia wahudumu wa wateja, nikajibiwa na barua iliyoandikwa na mashine ikinishukuru kwa subira yangu. Niliandika mara ya pili, ikaja barua ileile neno kwa neno. Siku hiyo nikasitisha malipo ya kila mwezi na kuufuta mchezo kwenye kompyuta.

Basi niseme kilichonirudisha. Sikurudi kwa sababu ya tangazo la bara jipya wala la mabawa ya dhahabu. Nilirudi kwa sababu, kila lilipotoka sasisho la kuurekebisha mchezo, rafiki yangu aliyebaki alikuwa akinitumia maelezo ya watengenezaji, na taratibu nikaona lugha yao ikibadilika. Zamani yalisema tu kwamba uthabiti umeboreshwa. Baadaye yakaanza kueleza tatizo lilikuwa nini, lilisababishwa na nini, limerekebishwaje, na lipi bado halijapata dawa. Mtu anayekutajia kasoro ambayo hajaweza kuitibu unaanza kumwamini hata katika zile anazodai kuzitibu.

Historia nayo ilinipa moyo, maana aina hii ya michezo ina mifano ya kufufuka. Final Fantasy XIV ilitoka mwezi Septemba 2010 ikiwa na kasoro nyingi kiasi kwamba kampuni iliwaomba radhi wachezaji, ikaubadilisha uongozi wa mradi mwezi Desemba mwaka huohuo na kuukabidhi kwa Naoki Yoshida, na haikuanza kutoza ada ya mwezi hadi Januari 2012. Novemba 2012 seva za toleo lile zilizimwa kabisa, na ndani ya hadithi dunia yenyewe ikateketezwa na joka Bahamut lililotoka ndani ya mwezi mdogo wa angani; kisha Agosti 2013 mchezo ukazaliwa upya ukiwa umejengwa kuanzia msingi. The Elder Scrolls Online, iliyotoka Aprili 2014, ilipita njia ya utulivu zaidi: mwezi Machi 2015 iliondoa sharti la kulipia kila mwezi, na Oktoba 2016 ikafungua dunia yake ili mchezaji wa kiwango chochote aende popote akiwa na mwenzake. Mchezo wangu ulifanana zaidi na huo wa pili. Haukubomolewa, ulitengenezwa huku watu wakiendelea kuuchezea, kama nyumba inayoezekwa upya wenyewe wakiwa ndani.

Mara tu nilipoingia, nilikwenda kisimani. Mhusika wangu alikuwa amekwisha kuipita kazi ile, kwa hiyo nilianzisha mhusika mpya kwa ajili ya hilo tu. Ufunguo ulikuwapo, nikaushika, ukawa wangu, na mchezaji aliyekuwa kando yangu akaushika wa kwake sekunde ileile. Siku hizi kila mmoja huuona ufunguo wake mwenyewe, na watu wanapojaa kijijini seva hufungua nakala nyingine ya kijiji hichohicho na kuwagawa, kisha huwaunganisha tena idadi inaposhuka. Anayeangalia haoni mshono wowote. Zamani kijiji kizima kilibebwa na programu moja kwenye seva, na kila mchezaji aliyeongezeka alilazimu wengine wote wapelekewe habari za kila hatua yake, hivyo mzigo ulikua kwa kasi kuliko idadi ya watu. Kuwagawa watu ndiyo dawa yake, ingawa nakiri kwamba kijiji kimepoteza ile hali ya kuwa mahali pamoja ambapo wote tunakutana.

Jaribio la pili lilikuwa la uhunzi, na hili nililifanya kwa moyo mzito. Nilichagua upanga wa kawaida, nikabonyeza kufua, na mara tu mwambaa wa kazi, ule mstari unaoonyesha kazi imefika wapi, ulipojaa nikauchomoa waya wa mtandao. Nikasubiri dakika tano. Niliporudi upanga ulikuwa mfukoni na chuma kilichotumika kilikuwa kimepungua ghalani kwa hesabu sahihi. Nilirudia mara sita, mara nyingine nikiuchomoa waya kabla mwambaa haujajaa. Kila mara ilikuwa ama kazi imekamilika yote, ama haikufanyika kabisa. Haikutokea hata mara moja chuma kipotee na upanga usionekane. Hivyo ndivyo hifadhidata ya mchezo wa aina hii inavyopaswa kufanya kazi tangu siku ya kwanza, kwa sababu mali ya mhusika ni saa za maisha ya mtu.

Mapigano yamebadilika kuliko nilivyotazamia. Mimi hucheza kama mganga, na zamani niliweza kubonyeza tiba, nikaiona mikono ya mhusika wangu iking'aa, kisha mwenzangu akaanguka huku mwanga ukiwa bado mikononi. Seva ilikuwa ikiihesabu tiba pale tu mwendo wote wa mikono ulipomalizika na kuthibitishwa. Sasa inahesabu tangu amri ilipopokelewa, na ukibonyeza amri inayofuata kabla ya ile ya kwanza kuisha, inapangwa ifuate bila pengo. Duara jekundu linaloonyesha mahali joka litakapotema moto nalo limekuwa la haki: ukiwa nje yake linapofunga, hujeruhiwi. Nililirudia lile pango la tatu na wageni wanne, na tulipokufa mara mbili za mwanzo tulijua kosa lilikuwa la nani. Mara ya kwanza lilikuwa langu, kwa kuwa niliitumia tiba kubwa mapema mno. Kushindwa kwa namna hiyo kunafundisha, na nilikuwa nimesahau kwamba mchezo huu unaweza kukufundisha.

Si kila kitu kimepona. Soko bado lina jeraha la mwaka wa kwanza, wakati baadhi ya watu waligundua njia ya kurudufu vitu na sarafu. Wahusika waliokuwa na utajiri huo walifungiwa, lakini sarafu nyingi zilikuwa zimekwisha kusambaa, na mchezaji mpya anakuta bei za malighafi nzuri ziko juu sana kwake. Mapango ya viwango vya kati ni matupu, na mtu anaweza kusubiri nusu saa kabla ya kupata mpiganaji wa kubeba ngao. Sipendi pia zawadi za kuingia kila siku, ambazo hukatika ukikosa siku moja, kwani zinageuza starehe kuwa zamu ya kazi. Nafasi ya mfuko ni finyu, na kuipanua kunauzwa kwa fedha halisi. Hili la mwisho nalihesabu kuwa kosa la makusudi, na nimewaandikia kulilalamikia. Safari hii nilijibiwa na mtu, ambaye hakukubaliana nami lakini alikuwa ameisoma barua yangu.

Kuna hasara nyingine isiyotibiwa na sasisho lolote. Kikosi chetu kilikuwa na watu ishirini na wanane. Nilipofungua orodha ya majina, ishirini na wanne yalikuwa ya kijivu, na mbele ya mengi yao pameandikwa kwamba mwenye jina aliingia mara ya mwisho zaidi ya siku elfu moja zilizopita. Mbele ya jina la rafiki tuliyekuwa tukigawana zamu za uganga, ambaye hakuwahi kunipa anwani yake nyingine yoyote, pameandikwa 1,093. Anayetaka kurudi ajue kwamba ataukuta mchezo ukiwa bora na kikosi chake kikiwa hakipo, na ajipangie kutafuta watu wapya mapema, hasa kupitia ukumbi wa wanaojifunza ambao sasa una wasimamizi wenye subira. Mimi nimepata wenzangu humo. Yule rafiki nimemwachia barua kwenye sanduku lake la posta la ndani ya mchezo, na barua hizo hazifutwi.

Nimelipia miezi mitatu. Ngao ile nimeanza kuifua upya. Madini yametimia, yamebaki magamba kumi na moja.