BYD Atto 3 au Hyundai Kona ya umeme: nilivyochagua nikiwa Nairobi

Kwa anayetaka jibu la haraka: nimechukua Atto 3. Lakini ukinipa barabara tupu na abiria mmoja, nitaomba ufunguo wa Kona.

Nilikuwa napima magari mawili ya umeme: Atto 3 mpya dhidi ya Kona yenye betri ya kilowati-saa 64 iliyotumika Uingereza. Kwenye makaratasi Kona inashinda. Betri ya Atto ni kilowati-saa 60.48 na kipimo cha WLTP, kile cha maabara cha umbali wa gari likiwa limejaa chaji, kinaipa kilomita 420. Kona inapewa 484. Nguvu ni ileile, kilowati 150, na zote mbili zinavutwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba umbo la SUV litakutoa kwenye tope la Rongai wakati wa masika.

Hizo kilomita 64 za ziada zilinivuta sana mpaka nilipoanza kusoma habari za betri zenyewe. Ya Kona ina nikeli na kobalti, na betri za aina hiyo hudumu zaidi ukiwa huzijazi hadi juu kila siku. Wengi huishia asilimia 80, wakaijaza kabisa siku ya safari tu. Ya Atto ni ya litiamu na fosfati ya chuma, haina nikeli wala kobalti, na haioni shida kujazwa hadi mia mara kwa mara. Sasa piga hesabu. Asilimia 80 ya 484 ni kama 387. Yaani asubuhi ya kawaida, Atto iliyojaa inatoka getini na umbali mrefu kuliko Kona inayotunzwa vizuri. Hakuna muuzaji aliyenieleza hivyo, na niliongea na wengi.

Halafu kuna historia. Mwaka 2021 Hyundai iliyaita yarudi magari ya umeme takriban 82,000 duniani, mengi yakiwa Kona, ili yabadilishwe betri kwa sababu ya hatari ya moto. Hilo lisikutishe, maana Kona iliyobadilishwa ina betri changa kuliko gari lenyewe, na hiyo ni faida kwa anayenunua mtumba. Ila dai ushahidi kwa namba ya chasisi. Muuzaji mmoja aliniambia betri yake iko "asilimia mia, boss", bila karatasi yoyote. Fundi wangu alipotoa kile kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari, ghafla ufunguo ukawa umebebwa na mtu aliyeenda Thika.

Kwa matumizi ya kila siku, mimi ni wa Syokimau na ofisi iko Upper Hill, kwenda na kurudi hakufiki kilomita 50. Gari lolote kati ya haya mawili linanimalizia wiki ya kazi bila kuguswa. Msongamano wa Mombasa Road, unaoumiza gari la petroli, hapa hauna neno: ukisimama, mota haili kitu, ni redio na feni tu.

Pesa yako itaamuliwa na jinsi unavyochaji nyumbani. Kwa tundu la kawaida la ukutani, chaja ya kubeba huvuta kilowati mbili na kitu, na betri tupu itakuchukua zaidi ya siku nzima kujaa. Inatosha kuongeza ulichotumia jana, lakini haitoshi ukirudi usiku na kesho unaenda Nakuru. Chaja ya ukutani ya kilowati 7 huijaza kwa kama saa tisa. Fundi wa stima alipokuja kuifunga hakuangalia gari hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja kwenye mita, akafungua kisanduku, akauliza, "Earth ya hii nyumba iko wapi?" Haikuwepo, yaani nyumba haikuwa na waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini. Waya wa kijani ulikuwa umekatwa ukakunjwa nyuma ya swichi kuu. Tukachimba, tukapiga fimbo ya shaba ardhini, tukavuta kebo nene peke yake kutoka kwenye mita. Kanuni ya nyumbani sasa ni moja: gari likichaji, shawa ya moto inasubiri, la sivyo swichi kuu inaanguka na mtu anabaki na sabuni machoni.

Ukiishi kwenye fleti, anza mazungumzo na keyateka na mwenye nyumba kabla hujaongea na muuzaji wa gari. Bila tundu lako mwenyewe utaishia kwenye chaja za maduka makubwa kama Two Rivers au The Hub kule Karen, na maisha hayo yana foleni zake.

Gharama? Tokeni za nyumbani, ukijumlisha kodi na ada zote, zinakaribia shilingi 30 kwa yuniti, yaani kilowati-saa moja. Atto hula kama yuniti 16 au 17 kwa kilomita 100, yaani kama shilingi 500. Gari la petroli linalokwenda kilomita kumi kwa lita, lita ikiwa shilingi 180, linataka 1,800 kwa umbali huohuo. Kona ni bahili kuliko Atto, hilo nalikubali bila ubishi. Tangu 2023 EPRA, mdhibiti wa nishati nchini, imeweka pia bei maalumu ya umeme wa magari, na saa za usiku inashuka hadi nusu, ila hiyo inataka mita yake. Yangu bado nafuatilia.

Mlima ndio ulionifanya niipende Kona. Niliijaribu kuteremka Mai Mahiu. Nyuma ya usukani kuna vibawa viwili. Ukivuta cha kushoto gari linajizuia lenyewe na kurudisha umeme kwenye betri, ukivuta zaidi linazuia zaidi. Niliteremka nyuma ya lori la mizigo nikigusa breki kwa nadra. Atto ina viwango viwili tu vya kujizuia, na hata kile cha juu ni kipole. Kwenye kupanda hakuna cha ajabu: gari la tani mbili na watu wake likipanda mita 700 linakula karibu yuniti nne zaidi ya kawaida, sawa na kilomita ishirini na kitu. Ukitoka Naivasha kuja Nairobi, ziweke kwenye hesabu.

Ndani, Kona ina vitufe vya kweli. Atto imeweka karibu kila kitu kwenye skrini inayozunguka, na mlangoni ina nyuzi tatu nyekundu kama za gitaa, ambazo watoto wangu wamezigeuza bendi. Mama watoto hakujali yote hayo. Aliingia kiti cha nyuma cha Kona, akavuta mlango, akaniangalia. "Baba Neema, hapa magoti ya Mama yatakaa wapi?" Mama mkwe huja na sisi Machakos kila tukienda, na si mtu wa kukunjwa. Atto ni ndefu kwa zaidi ya sentimita 27, na buti lake ni lita 440 dhidi ya 332. Hapo kesi ya Kona ilianza kufa.

Kilichoizika ni kukatika kwa stima. Atto inaweza kutoa umeme nje kupitia adapta kwenye tundu lake la kuchajia; friji, taa na intaneti vinaendelea kama kawaida mtaa mzima ukiwa gizani. Kona ya kizazi kile haina hiyo.

Ukitafuta Atto ya mtumba, uliza imetoka wapi. Za Japani, zilizoanza kuuzwa huko 2023, zina tundu la kuchaji haraka la aina ya CHAdeMO, wakati za Uingereza zina la aina nyingine, CCS2, na chaja ya haraka isiyooana na tundu lako ni pambo. Na gari lolote la kuagiza lisizidi miaka minane, sheria ya mtumba haijali kama ni la umeme.

Malalamiko yangu ni ya magari yote mawili: hakuna gurudumu la akiba, unapewa gundi na pampu. Mtu aliyebuni hivyo hajakutana na vyuma vinavyochomoza kwenye barabara za Industrial Area. Nilinunua langu Kirinyaga Road pamoja na jeki, limekula sehemu ya zile lita 440, na mifuko ya mama mkwe bado inaingia.