Karatasi gani ununue kwa maua na mapambo ya mkono: kutoka ya kwanza hadi ya kuiacha dukani

Kila ikifika Machi simu zinajaa picha za mapambo ya karatasi kutoka Ulaya na Marekani: tulipu za pinki, vipepeo ukutani, mashada ya mlangoni. Wenzetu baridi imewaishia, miti inachipua, wanataka rangi ndani ya nyumba. Huku Mtwara na Lindi Machi ni mvua. Ua ulilolikunja asubuhi likasimama vizuri, jioni limelegea kama mchicha wa jana. Msimu wetu ni kuanzia Mei, mvua ikikatika na kusi ikishika. Hapo kuna ngoma za jando na unyago, kuna mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne, halafu zinafuata harusi zilizokuwa zikisubiri fedha ya korosho. Maua ya plastiki ya kutosha ukumbi mzima yanakula bajeti ya pilau. Karatasi haili.

Tatizo ni kuchagua karatasi. Nimezipanga kwa swali moja: itakaa? Uzuri nimeuweka wa pili, bei ya tatu. Mtu wa Dodoma, penye hewa kavu, anaweza kuzipanga kinyume chake na asikosee. Sisi wa Shangani, Mikindani na Lindi mjini tunavuta hewa ya bahari, na karatasi nayo inaivuta. Nyuzi zake hunywa unyevu zikanenepa, tena hunenepa kwa upana zaidi kuliko kwa urefu, ndiyo maana petali hujikunja upande mmoja na mnyororo wa karatasi hulegea katikati. Walio Masasi na Nachingwea wana nafuu kidogo.

Bei sitaandika, maana ya leo si ya kesho na ya Mtwara si ya Ruangwa. Nitaandika hesabu ya maua. Ukiambiwa bei dukani, igawe kwa idadi ya maua yatakayotoka, ndipo utajua rahisi ni ipi.

1. Karatasi za rangi za A4

Ni ile ile ya fotokopi, gramu 80 kwa mita ya mraba, ila ina rangi. Haina sifa kwenye video za wapambaji wakubwa, lakini kwa mtu anayeanza naiweka juu ya zote.

Rangi yake imeingia hadi ndani. Chana kona dukani uone: ikiwa ndani ni rangi ile ile, chukua. Ikiwa ndani ni nyeupe, hiyo imepakwa rangi juu tu, na kila utakapokunja patabaki mstari mweupe. Ua lenye mikunjo mingi litaonekana limechakaa kabla hujalitundika.

Halafu njoo kwenye hesabu. A4 ina milimita 210 kwa 297. Upana gawa mara mbili, urefu gawa mara tatu, unapata vipande sita vya karibu sentimita 10 kila upande. Kila kipande ni waridi moja. Unachora duara, unalikata kwa mzunguko kama gamba la konokono kutoka nje kuelekea katikati, kisha unaliviringa kuanzia ncha ya nje. Kile kiduara kinachobaki katikati ndicho kitako, unakitia gundi na kulikalisha ua juu yake. Karatasi kumi zinakupa mawaridi sitini, na mtoto wa darasa la nne anaweza kuviringa. Ukitaka ua la Kijapani la kusudama, lile la petali tano zenye mfuko katikati, vipande vitano vinatosha ua moja na cha sita unabaki nacho.

Usinunue rimu nzima ya rangi moja isipokuwa una ukumbi wa kupamba. Rimu ni karatasi 500, zina uzito wa kilo mbili na nusu, na zikipitiwa na masika zikiwa zimefunguliwa hazifai tena. Wanawake wanne wanaojuana wanunue kila mmoja rangi yake, kisha wagawane. Steshenari nyingi zinakubali pia kuuza kwa karatasi moja moja, ila hapo bei ya ua inapanda.

Udhaifu wake ni wembamba. Shada la mlangoni la kutazamwa kwa mbali halitoki hapa. Na pinki kali usiiweke penye jua la dirishani, itapauka.

2. Manila

Kila mwalimu anaijua. Kwa vipepeo, maboksi ya zawadi, herufi za jina la bibi harusi, taji la mwari na kitako cha shada, hakuna cha kushindana nayo. Ni nene kuliko A4, kwa hiyo unyevu unachelewa kuilegeza.

Manila hazilingani ukubwa, hivyo pima. Ikiwa ni A1 kamili, yaani milimita 594 kwa 841, ndani yake kuna A4 nane na mawaridi 48 ya kile kipimo cha juu. Dada wa dukani akikwambia ni bei moja na ile ndogo ya jirani, usisite.

Sharti la kununua manila ni moja: ilale. Wauzaji wengi huisimamisha pembeni ya kabati ikiwa imeviringwa, na ikishakaa hivyo miezi miwili mitatu, haikunjuki. Kipepeo atajifunga mbawa mwenyewe ukutani. Omba zilizolazwa chini ya rundo hata kama muuzaji atanuna, na ukiwa unarudi na bodaboda, waombe waibane katikati ya maboksi bapa badala ya kuiviringa.

Kuikunja inahitaji adabu. Pitisha kalamu iliyokwisha wino kando ya rula, ukandamize, ndipo ukunje. Ukiikunja kwa vidole tu inapasuka kwenye mkunjo.

3. Karatasi ya kaki

Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, kaki imekuwa ndani ya kila nyumba. Watu wanaitupa. Mimi naona hii ndiyo karatasi iliyodharauliwa kuliko zote.

Ni ngumu kuchanika, inakunjika bila kupasuka, na kwa sababu haikutiwa rangi hakuna cha kuchuja. Waridi la kaki likiwa na majani ya kijani ya A4, likiwekwa kwenye kibuyu au kikapu cha ukindu, linapendeza kuliko nyekundu ya krepu, ile karatasi ya makunyanzi. Kwa harusi ya kisasa wanayoiita ya asili, penye makuti na kanga, kaki na nyeupe vinatosha, huhitaji rangi ya tatu.

Mfuko uliobeba maandazi uache. Mafuta hayatoki, na gundi haishiki penye mafuta. Kama unanunua, nunua ile ya kufunikia madaftari, inayouzwa kwa mkunjo mmoja mrefu. Mara nyingi ndiyo rahisi kuliko zote kwa ua.

4. Krepu

Najua hapa nitagombana na watu. Krepu ndiyo inayotoa ua linalodanganya macho. Ina makunyanzi, inavutika, na petali yake unaweza kuitia tumbo kwa vidole gumba viwili ikawa na umbo la petali hasa. Siri yake ni kukata petali makunyanzi yakiwa yamesimama kutoka chini kwenda juu, ili ivutike kwa upana. Ukikata kinyume haivutiki popote.

Lakini inachuja. Nenda duka lolote uulize:

"Shikamoo mama. Hii krepu nyekundu inachuja?"

"Marahaba mwanangu. Haichuji hiyo, ni orijino."

Lowesha kidole, kigandamize kwenye kona. Kidole kikitoka chekundu, umepata jibu la pili. Krepu nyembamba ya kawaida rangi yake huyeyuka kwenye maji, na maji si lazima yawe mvua. Jasho la mkono wa mpambaji linatosha, na umande wa alfajiri kwenye turubai unatosha kabisa. Fikiria nyekundu hiyo imefungwa juu ya kitambaa cheupe cha meza kuu, au imebanwa kifuani mwa shela.

Kwa hiyo krepu ni ya ndani, ni ya siku moja au mbili, na isiguse nguo nyeupe. Ukikubali masharti hayo, nunua bila wasiwasi. Ipo krepu nene ya Kiitalia, ya gramu 180, ambayo wapambaji wa nje wanaisifia. Huku kwetu utakayoikuta ni ile nyembamba, basi gundisha mbili pamoja kwa gundi ya kupaka kidogo sana, acha ikauke, ndipo ukate. Petali itasimama.

5. Kalenda na majarida ya zamani

Kwa ukuta na meza nimeyaweka nafasi ya tano. Kwa vitu vya kuvaa yangekuwa ya kwanza, maana hapa ndipo zinapotoka shanga za karatasi, zile ambazo akina mama wa Uganda wamezipeleka hadi masoko ya nje.

Chukua jani la kalenda ya mwaka uliopita, lile la kung'aa. Kata pembetatu ndefu na nyembamba: kitako sentimita mbili, urefu wote wa karatasi. Anza kuviringa kutoka kitakoni juu ya kijiti cha meno, ukibana, huku ncha ikibaki katikati. Sentimita tatu za mwisho tia gundi. Ukimaliza utaona shanga imenenepa katikati na kuchongoka pembeni, na picha ya kalenda imegeuka michirizi ya rangi ambayo usingeweza kuipanga kwa makusudi. Bahari ya kwenye picha inatoa bluu nzuri sana. Kijiti kinatoka, tundu linabaki.

Shanga isiyopakwa kitu haivaliki Mtwara. Jasho litaifumua. Ipake vanishi ya mbao iliyo angavu mara mbili, kila mara ikauke kabisa, na izungushe juu ya chelewa ili isigande mezani. Hapo una bangili, hereni, hata mkanda wa kiunoni, na gharama uliyoingia ni vanishi na uzi. Kama kuna kitu cha kuuza humu, ni hiki: mawaridi ya ukumbini yanatupwa Jumapili, hereni inavaliwa mwaka mzima.

Magazeti ya kawaida yaache kwa shanga. Ni laini mno na wino unapaka mkono.

6. Tishu za mezani

Zinatoa mapompomu makubwa ya kuning'iniza darini, kwa haraka na kwa bei ndogo. Kunja kama feni, funga katikati, fungua tabaka moja moja. Chagua zenye tabaka mbili au tatu. Pompomu lipo usiku mmoja, asubuhi limeshuka.

7. Za kumetameta na za kufungia zawadi

Acha. Ile ya kumetameta inamwaga unga kwenye chakula na kwenye nywele za watoto, ndani ni nyeupe, na gundi ya kawaida haiishiki upande wa juu. Ya kufungia zawadi imepakwa rangi upande mmoja tu.

Gundi na vijiti, usije ukaharibu karatasi nzuri

Waya mwembamba wa kufungia nondo, ambao wengi hutumia kuwa shina, unashika kutu upesi karibu na bahari na kutu inapanda kwenye petali. Chelewa ni bora. Ufagio mmoja mpya una vijiti vya kutosha bustani nzima, vinapinda bila kuvunjika, na ukivizungushia ukanda wa A4 ya kijani hakuna atakayejua.

Supagluu isiguse karatasi. Inaingia ndani, inagandisha na kuacha doa. Gundi nyeupe ya mbao ndiyo ya kununua, kopo dogo, uipake kwa kijiti na si kuimimina, kwa sababu nayo ina maji na karatasi nyembamba itajikunja.

Na kabla hujanunua hata hiyo, kumbuka tuko kwenye nchi ya muhogo. Kijiko kimoja cha unga wa muhogo kwenye nusu kikombe cha maji baridi, koroga hadi madonge yaishe, bandika kwenye moto mdogo huku unakoroga mpaka weupe upotee na uji uanze kung'aa. Ukipoa unashika A4 na kaki vizuri kabisa. Tengeneza wa siku hiyo tu, kesho utakuwa umechacha. Kwenye shanga usiutumie, na mapambo yaliyogundishwa kwa uji huo usiyahifadhi uvunguni: mende watayala gundi kwanza, halafu petali. Weka kwenye ndoo yenye mfuniko, na siku ya sherehe yakae mbali na mishumaa.