Biti za Bawaba za Kabati: Ipi Ununue, Ipi Uiache Dukani

Mwangaluka ndugu zangu, karibuni karakanani, hapa Tabora mjini. Mezani leo nina biti nne za drili, bawaba za kabati, kipande cha mninga na kipande cha MDF, ule ubao wa kiwandani wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi, yenye melamini nyeupe, yaani ngozi yake ngumu ya nje. Nataka tuzichambue hizi biti moja moja, kwa sababu kuna jambo linaniuma. Mteja anatoa hela yake nzuri, ananunua bawaba zile za kujifunga zenyewe, mbao anachagua za maana, halafu baada ya miezi michache mlango umelala upande na bawaba imechomoka na skrubu zake zote. Lawama zote anabebeshwa muuza bawaba. Ukiifungua ukaitazama, bawaba ni nzima kabisa. Tundu ndilo bovu.

Tuanze na kikombe. Bawaba hizi zina kikombe cha chuma kinachozama ndani ya mlango, na karibu zote unazozikuta madukani zinataka tundu la milimita 35. Kina chake kwa kawaida ni milimita 12 hadi 13, ila pima kikombe ulichonunua, usibahatishe. Sasa milango mingi ya MDF na chipbodi (ubao wa chembe za mbao na gundi) ina unene wa milimita 16 au 18. Piga hesabu: ukitoboa milimita 12.5 kwenye ubao wa 16, nyuma zinabaki milimita 3 na nusu tu. Hapo ndipo utajua umenunua biti gani.

Biti ya kwanza ni hii bapa. Ipo kila duka la vifaa vya ujenzi na bei yake haisumbui. Ngoja nisogeze kamera. Ona ncha yake ya katikati: imetangulia mbele ya makali kwa zaidi ya sentimita moja. Maana yake, kabla makali hayajafika kina cha kikombe, ncha imeshatokeza upande wa pili, upande ule ule mama mwenye nyumba anaouona kila akiingia jikoni. Na ubavu wa tundu unatoka umechanika. Kwa mlango wa kabati siishauri hata kidogo. Ibaki kwenye kazi za kupitisha nyaya na mabomba.

Ya pili ni Forstner ya chuma cha kawaida. Huyu Benjamin Forstner alikuwa fundi bunduki huko Marekani, na hataza ya biti yake aliipata mwaka 1874. Alichokitafuta ni biti isiyoburuzwa na ncha ya katikati. Tazama umbo lake: ina ukingo wa mviringo unaokata nyuzi za mbao kwanza pembeni, halafu makali mawili ya ndani yanakwangua sakafu ya tundu. Ndiyo maana inaacha tundu lenye ubavu laini na chini pake bapa, na kikombe kinakaa bila kuyumba. Sasa nyingi zinazouzwa siku hizi zimewekewa ncha ndefu katikati, kinyume kabisa na alichokusudia mwenyewe. Ukienda dukani, hata kama muuzaji ana haraka, shika biti, weka rula, pima ncha imetokeza kiasi gani kupita makali. Ikiwa milimita 5, jumlisha na 12.5 za kikombe: 17.5. Kwenye ubao wa 18 unaponea chupuchupu, na kuna uwezekano melamini ikavimba kwa nje kama chunusi. Kwenye ubao wa 16 umeshautoboa. Tafuta yenye ncha ya milimita 2 au pungufu.

Kwenye mninga hii ya chuma cha kawaida inafanya kazi nzuri ikiwa kali. Nishikie hapo, mdogo wangu. Naanza taratibu... sikieni mlio wake, hauna kelele, na angalieni maranda yanayotoka: marefu, membamba, yamejikunja. Ukiona badala ya maranda inatoka unga na harufu ya kuungua, simamisha. Biti imekwisha makali, na ukiilazimisha chuma kinapata moto hadi kinageuka rangi ya bluu. Ikishakuwa bluu, ugumu wake umepotea na utainoa kila siku bila faida.

Tatizo la biti hii ni MDF. Ndani ya MDF na chipbodi kuna gundi iliyokaushwa kwa joto na mgandamizo, nayo inakula makali ya chuma cha kawaida haraka sana. Fundi anayetengeneza makabati ya jikoni mazima, milango kwa makumi, atainunua, itamtumikia wiki ya kwanza vizuri, halafu itaanza kumega melamini.

Kwa hiyo ya tatu ndiyo hii, ya milimita 35 yenye vipande vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma cha kawaida, vilivyochomelewa kwenye makali. Vioneni hapa, vile vipande vya kijivu vinavyong'aa tofauti na mwili wa biti. Hii imetengenezwa mahsusi kwa bawaba. Ina visu viwili vidogo pembeni vinavyochora duara kwanza, na ncha yake fupi. Sasa natoboa kwenye melamini nyeupe. Haya. Sogea karibu na ukingo wa tundu: hakuna hata kipande kilichomeguka. Nyuma ya ubao, pitisha kidole, ni laini. Kama kazi yako ni MDF, hii ndiyo biti ya kununua hata kama italazimu uahirishe kitu kingine. Kuna maseti ya biti nyingi ndani ya sanduku zuri, kuanzia milimita 15 hadi 40. Kwa kazi ya bawaba utatumia moja tu kati ya hizo, kwa hiyo hela yote iweke kwenye hiyo moja iliyo bora. Jambo la kuwa makini: kabaidi ni ngumu lakini inavunjika kirahisi. Ikianguka kwenye sakafu ya saruji, kipande kinaweza kuruka. Itengenezee kifuko chake, usiitupe kwenye boksi na nyundo.

Mwendo wa drili. Wengi wanaikimbiza. Biti pana namna hii ukingo wake unasafiri mbali kila mzunguko, kwa hiyo inapata joto kuliko biti nyembamba. Kama drili yako ya betri ina gia mbili, weka namba 1, mizunguko 400 hadi 500 kwa dakika inatosha kwa mninga. Ubao ufunge kwa klampu, usiushike kwa mkono, maana biti ya 35 ikikwama inaugeuza ubao wote pamoja na kiganja chako. Na vaeni barakoa. Vumbi la mninga linawasha pua na kifua, wapo mafundi linawabana pumzi kabisa, na vumbi la MDF nalo si la kuvuta.

Vipimo kwa kifupi. Kutoka ukingo wa mlango hadi ukingo wa tundu acha milimita 5, yaani katikati ya tundu iwe milimita 22.5. Bawaba nyingi zinakubali 3 hadi 6. Ukisogeza tundu ndani milimita 1, mlango nao unafunika ubavu wa kabati milimita 1 zaidi, kwa hiyo milango miwili inayopakana lazima ipimwe kwa kiolezo kimoja. Kile kibati cha upande wa kabati, mstari wa skrubu zake unakuwa milimita 37 kutoka mbele, kama mlango unafunika ubavu kwa nje.

Sasa njooni kwenye hii ya nne, ambayo ndiyo iliyonifanya niwashe kamera leo. Ndogo, na mafundi wengi hapa hawaijui. Ni biti inayojipanga katikati yenyewe. Kwa nje ina ala ya chuma ambayo mdomo wake umechongoka, ndani kuna springi na biti nyembamba. Ukiweka ule mdomo kwenye tundu la bawaba, unaingia kwenye lile bonde la kichwa cha skrubu na kukaa katikati kabisa. Unakandamiza, ala inarudi nyuma, biti inashuka na kutoboa. Ukiachia, inajificha tena.

Umuhimu wake ni huu. Tazama bawaba hii ya kawaida ya shaba iliyofungwa kwa kuanzisha matundu ya skrubu kwa msumari. Kichwa cha skrubu kimeinama, upande mmoja umenyanyuka, na bawaba ikifungwa kinagusana na mwenzake wa upande wa pili. Skrubu ikiingia nje ya katikati hata nusu milimita, inaisukuma bawaba upande wake. Tatu zikisukuma kila moja kwake, mlango hauwezi kukaa sawa, na hakuna kurekebisha kwenye bawaba ya kawaida kama ilivyo kwenye ile yenye kikombe. Biti hii inamaliza kesi hiyo. Kwa fundi wa mninga, anayefunga bawaba za shaba kwenye kabati la vyombo au la nguo, naiweka juu ya zote tatu zilizotangulia.

Chagua inayolingana na skrubu yako. Skrubu ya milimita 3.5 kwenye mninga inataka tundu la 2.5, kwenye paina ile inayotoka Mufindi, 2 inatosha kwa sababu mbao ni laini na skrubu inapaswa kuuma. Ukitoboa 3 kwenye paina umeilegeza skrubu kabla mlango haujaguswa na mtu. Na chunguza springi kabla ya kulipa: kandamiza mdomo kwa kidole mara kadhaa, ukisikia inakwaruza au inachelewa kurudi, rudisha. Springi ikijaa vumbi itagoma, basi ipulize kila ukimaliza kazi.

Skrubu za shaba ni laini, na mninga mkavu unazikata shingo. Dawa yake tunayo hapa hapa. Tabora ni nchi ya nyuki, nta inatoka Sikonge, Urambo, Kaliua, haikosekani sokoni. Paka nta kwenye uzi wa skrubu. Kwanza ingiza skrubu ya chuma ya saizi ile ile ichonge njia, itoe, ndipo uingize ya shaba kwa bisibisi ya mkono. Usitumie drili hapo. Oneni inavyoingia, haina kelele, haibani. Usitumie sabuni, sabuni inavuta unyevu na skrubu inaota kutu.

Kitu kimoja kwa wenye milango mizito. Mlango wa mninga wa unene wa milimita 25, upana sentimita 40 na urefu 90, unakaribia kilo 6. Hapo bawaba mbili zenye kikombe zimefika mwisho wa uwezo wake. Ongeza ya tatu. Mteja atalalamika bei, mweleze kwa upole, kwa sababu mlango ukishuka atakuita wewe, na mbao ya mninga ikishang'oka skrubu huwezi kuirudisha ilivyokuwa.

Na kunoa. Forstner ya chuma noa makali ya ndani tu kwa tupa ndogo laini, upande ule unaotazama juu biti ikiwa inatoboa. Ule ukingo wa nje usiuguse kwa nje, ukiupunguza tundu litakuwa 34 na kitu na kikombe hakitaingia. Ya kabaidi haikubali tupa, inataka jiwe la almasi.

Ninyi mlioko Nzega, Igunga, Urambo, na ndugu zetu wa Kigoma: nyingi ya hizi za kabaidi zenye ncha fupi nimelazimika kuziagiza Dar es Salaam. Kama kuna duka kwenu linaziuza, niandikieni jina la mtaa na bei ya leo, pamoja na urefu wa ncha mliyoipima kwa rula.