Siku 20 za mionzi ya tezi dume: mashine nzuri, foleni ndiyo iliyoniumiza

Naandika kwa ajili ya wazee wenzangu wa Uyole, Tukuyu, Mbalizi, Makambako na kwingineko huku kwetu, ambao wameambiwa wana saratani ya tezi dume na wanatakiwa kwenda mionzi. Mimi ni dereva mstaafu wa malori, nina miaka 68. Barabara ya Tunduma hadi Dar es Salaam naijua kona kwa kona, lakini safari hii niliteremka mlima Kitonga nikiwa abiria wa basi, na bahasha ya rufaa mapajani. Jina la hospitali naliacha. Naeleza huduma niliyoipata.

Kilichonitisha zaidi kilikuwa mionzi yenyewe. Jirani yangu alitibiwa miaka mingi nyuma, akawa anatoka damu kila akienda haja kubwa, na aliishi na hilo mpaka mwisho. Kwa hiyo nilipokaa mbele ya daktari nilimuuliza, "Dokta, mkiichoma hiyo tezi, mtachoma na nini kingine?" Hakukereka. Alivuta karatasi akanichorea: kibofu juu, tezi chini yake, na puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, kwa nyuma, imeegemeana na tezi kabisa. Akasema mashine yao inapiga kutoka pembe nyingi, na mdomoni mwake kuna vibapa vyembamba vya chuma vinavyofunguka na kujifunga ili miale ifuate umbo la tezi. "Lakini mzee wangu, ile sehemu ambayo tezi imegusana na puru, hapo lazima na wewe utusaidie."

Msaada wenyewe ni maji na choo. Kibofu kikijaa, sehemu yake kubwa hupanda juu, ikatoka kwenye njia ya mionzi, na utumbo mwembamba nao husukumwa mbali. Puru ikiwa tupu, tezi hutulia mahali pake. Ikijaa choo au gesi, tezi husogea, na ukuta wa puru huingia pale palipolengwa. Siku ya picha ya kupangia matibabu nilikojoa kwanza, nikanywa mililita 500, nikasubiri dakika 40, ndipo wakanipiga picha na kunitia vidoti vitatu vya wino, kimoja chini ya kitovu na viwili nyongani. Kila siku iliyofuata ilitakiwa ifanane na siku ile.

Nilifikia kwa binti wa dada yangu, Mbagala. Jumapili alinipikia maharage ya nazi. "Mjomba, ongeza, umekonda." Nikaongeza. Jumatatu nikalala kwenye meza ya mashine, wakapiga picha fupi kama kila siku kabla ya kuanza, kisha kimya kikawa kirefu. Dada wa mionzi akaingia, akanisaidia kushuka, akanipeleka mpaka kwenye kioo chao. Alinionyesha duara jeusi, limetuna nyuma ya tezi. "Baba, hii ni hewa. Imeisukuma tezi mbele. Nikiwasha mashine sasa, nitakuumiza." Nikazunguka kwenye korido karibu nusu saa, nikaenda chooni, nikanywa maji upya. Waliporudia picha, lile duara jeusi halikuwepo. Nilimshukuru kwa moyo wote, maana nje watu walikuwa wamejaa na angeweza tu kubonyeza kitufe. Tangu siku hiyo nikaacha maharage, kabichi na soda hadi nilipomaliza.

Sasa kasoro, na hii iliniuma. Siku ya sita niliambiwa zamu yangu ni saa 3 asubuhi. Nikanywa maji saa 2 na robo. Nikaitwa saa 5. Nilikwenda mapokezi mara mbili kusema nimebanwa, kijana wa pale akaniambia nisubiri kama wengine. Mkojo ulinitoka nikiwa kwenye benchi, mbele ya akina mama wenye umri wa binti zangu. Aibu ile sijaisahau. Tena nilipoingia kibofu kilikuwa kitupu, ikabidi nianze upya. Kwa mgonjwa wa tezi dume maji ni sehemu ya tiba, kwa hiyo kupanga muda wa kuyanywa ni kazi ya hospitali pia. Yule dada wa mionzi ndiye aliyenipangia: nisinywe mpaka aje aniambie mwenyewe. Hilo lingekuwa utaratibu wa wote, ningewapa nyota 5. Nawapa 4.

Watu wa huku watauliza muda. Zamani wengi walipewa mara 37 au zaidi. Mimi nilipewa mara 20, grei 3 kila mara (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), jumla grei 60. Daktari alisema utafiti wa Uingereza uliotolewa 2016, wenye wanaume zaidi ya 3,000, ulionyesha kwamba mpango huo haupungui nguvu ukilinganishwa na ule wa mara 37. Kwa mtu anayetoka Mbeya, hizo ni wiki nne za kukaa kwa ndugu badala ya saba na zaidi. Alinieleza pia kuhusu jeli inayodungwa kati ya tezi na puru, ikaziachanisha kama sentimita 1, ikakaa miezi 3 hivi halafu mwili ukaifyonza. Marekani waliiruhusu 2015. Mimi sikuwekewa. Ulizeni kama mnaweza kuipata; mkiikosa, msikate tamaa, shikeni maji na choo.

Kupigwa mionzi kwenyewe hakuumi. Wiki ya tatu nilianza kuamka usiku mara tano kukojoa, mkojo ukichoma, na choo kikawa laini. Wiki chache baada ya kumaliza mambo yakatulia. Daktari amenionya kuwa damu inaweza kujitokeza hata miezi mingi baadaye na nikiiona niende, nisinyamaze kwa haya kama jirani yangu. Mpaka leo sijaiona.

Chupa niliyokuwa napimia maji nimempa mzee mwenzangu wa Igurusi anayesafiri Jumatano. Nimemwekea mstari wa kalamu pale kwenye 500, na nimemwambia asiiguse mpaka aitwe.